Usiuze Dude kwa Kilo Kabla Hujalijua

Juzi usiku kijana mmoja wa Rombo kanitumia picha. "Shikamoo fundi. Tumekuta hiki kitu stoo ya marehemu babu, kizito balaa. Ni nini, na kinaenda bei gani? Mtu wa skrepa anapita kesho asubuhi." Picha imepigwa gizani, lakini gurudumu la chuma lenye mpini linaonekana, na mdomo wa kumiminia kwa juu. Nikamwambia afungue ubavuni aangalie kama kuna sahani iliyovikwa bati la shaba lenye vinundu vinundu. Ipo. Basi hiyo ni mashine ya kumenyea kahawa mbivu, babu yake alikuwa akiizungusha kwa mkono, na nadhani shaba ile ndiyo iliyokuwa ikimkosesha usingizi yule mtu wa skrepa.

Nimefurahi haikuuzwa. Ila kijana huyu kanigusa mahali penye donge, na leo nalitoa.

Mimi ni fundi wa kuchonga na kuchomelea, niko Mombo, chini ya milima ya Usambara. Shule yangu iliishia darasa la saba. Nalisema mapema kwa sababu ndilo nililorushiwa mbele za watu siku dude la Lushoto liliposhushwa kutoka kwenye Fuso, mbele ya karakana yangu.

Lilitoka kwenye karakana iliyokufa ya shamba la zamani kule mlimani. Mzee aliyeachiwa lile eneo hakutaka kuuza kabla ya kujua anauza nini, Mungu ampe umri mrefu. Dude lenyewe lilinifika kiunoni. Juu lina tumbo la chuma kama boga, limezibwa kabisa, halina mlango wala mfuniko. Chini lina kitako chenye matundu ya bolti. Upande mmoja lina mdomo mpana wa kufungia bomba, upande mwingine mdomo mwembamba, na pembeni kuna kikombe kilicho wazi juu, ndani yake fimbo fupi iliyoganda kwa kutu.

Watu wakajaa. Mmoja akasema ni mtungi wa gesi wa Mjerumani. Mwingine akasema ni bomu, na hapo nikapata nafasi ya kufanya kazi kwa raha, maana nusu ya umati ulihamia ng'ambo ya barabara. Mimi nikasema hiki ni kitu cha maji.

Sasa alikuwepo bwana mmoja msomi, mhandisi, alikuja kwangu kwa shida ya geti lake. Akapangusa ubavu wa dude, akasoma herufi ACCRI, akaingia kwenye simu. Accrington, Lancashire, Uingereza, mji uliokuwa na viwanda vya mashine za nguo. Akageuka akatangaza kwamba ni kipande cha mashine ya kusokotea katani. Nikamuuliza, katani inapita wapi humu? Akacheka, akaniambia: "Wewe darasa la saba, kachomelee magrili yako, mambo ya mashine tuachie sisi."

Watu wakacheka pia. Wateja wangu.

Ndugu msomaji, unayependa vyuma vya zamani kama mimi, nisikilize. Jina la mji halikuambii kitu kinafanya nini. Mji mmoja unaweza kutengeneza mashine za nguo na vitu vingine mia. Anza na mashimo. Nini kinaingia, kinaingilia wapi, kinatokea wapi, na kwa nini mlango mmoja ni mpana na mwingine mwembamba. Nilimulika ndani ya ule mdomo mwembamba: hakuna masizi, kwa hiyo haikuwa boila. Hakuna harufu ya mafuta wala utando wake. Kuna tope jepesi lililokauka na mchanga laini wa mtoni. Hapo ningeweza kufunga mjadala, lakini niliona aibu ya kile kicheko, nikataka ushahidi usio na mlango wa kutokea.

Nikaligeuza dude, nikagusa grenda chini ya kitako, mahali pasipoonekana. Cheche zikatoka fupi, nyekundu, hafifu. Chuma cha kawaida cha pua kinarusha cheche ndefu zinazong'aa. Hiki kilikuwa cha kusubu, kile tunachokiita kasti, na ukikitoboa kinatoa ungaunga badala ya nywele za kujisokota. Kasti ni kigumu lakini kinapasuka kikipigwa, kwa hiyo habari ya mtungi wa gesi nayo ikafa.

Kisha nati. Hapa ndipo mafundi wengi mnapoharibu, mnakimbilia kukata. Mimi nililowesha kwa dizeli nikaacha. Zilipolegea, spana za mili zikakataa, na hata za inchi tulizozizoea zikawa zinacheza. Nikapima uzi wa bolti ya nusu inchi: nyuzi 12 kwa kila inchi. Bolti ya Marekani ya unene huo, yenye uzi mkubwa, ina 13. Hii ni Whitworth, mpango wa Mwingereza Joseph Whitworth wa mwaka 1841, uzi wake una pembe ya digrii 55 wakati wa mili una 60. Lushoto iliitwa Wilhelmstal enzi za Wajerumani, ndiyo maana huku kwetu kila chuma cha zamani mtu anampa Mjerumani. Uzi ulikuwa wa Kiingereza, na ukakubaliana na Accrington.

Herufi nilizisoma usiku. Usipige brashi ya waya ya grenda kwenye maandishi ya kasti, nakuomba, herufi zilizoliwa na kutu zitaondoka na kutu yenyewe. Laza tochi ubavuni ili mwanga upite chinichini, kivuli kitakuonyesha. Pakaza chaki, pangusa kwa kiganja. Likatokea jina BLAKE, na chini yake HYDRAM.

Hidramu! Pampu inayosukumwa na maji yaleyale inayoyapandisha, bila injini, bila umeme. Aliyeifanya ijiendeshe yenyewe ni Mfaransa Joseph-Michel Montgolfier, mwaka 1796, yuleyule aliyerusha puto la hewa ya moto na ndugu yake. Maji yanateremka kwa kasi kwenye bomba pana na kumwagika kupitia kile kikombe cha pembeni. Kasi ikizidi, yanainua vali na kujifungia njia. Yamebanwa ghafla, yanapiga, yanafungua vali ya pili na kuingia kwenye boga, ambamo hewa iliyofungiwa inajikunja kisha inayasukuma kupanda bomba jembamba. Mgandamizo unashuka, vali ya kwanza inaanguka, kazi inaanza upya, mara 40 hadi 90 hivi kwa dakika.

Nilimpigia mzee simu kumweleza. Akampa simu dada yake mkubwa, bibi wa miaka mingi, akaniambia bila hata kuulizwa sana: "Likigonga usiku kucha kule bondeni, mwanangu. Likinyamaza, baba anaamka." Kumbe jibu lote lilikuwa nyumbani kwao, limekaa jikoni. Vijana, waulizeni wazee! Msiwaulize hiki kinaitwaje. Waulizeni kilikuwa kinalia vipi, kilikaa wapi, nani alikuwa akikitazama.

Na usizibe tundu usilolijua. Karibu na vali ya pili kulikuwa na katundu kadogo, kama ka msumari. Kijana wangu wa kazi alishawasha mashine akazibe "leki". Nikamzuia kwa sababu lilikuwa duara safi, limetobolewa kwa drili, na hakuna kutu inayotoboa duara safi. Tundu hilo linavuta hewa kidogo kila pigo. Maji yanakula hewa ya boga polepole. Ukiliziba, boga linajaa maji, na kile kipigo kinahamia kwenye mabomba mpaka kitu kipasuke.

Sasa hivi linafanya kazi. Nilibadilisha mipira ya vali, nikafunga, na maji yanapanda kwenye tangi la shamba. Yule bwana msomi nilimtumia video. Akajibu kwa dole gumba. Dole gumba! Sijaombwa radhi mpaka leo na sijasahau, na sioni kwa nini nisahau. Elimu ni nzuri, watoto wangu wanasoma, lakini chuma hakiulizi cheti cha anayekitazama. Kinataka macho, na macho hayataki haraka. Angalia mashimo, angalia uzi, angalia tope, halafu ndiyo ushike simu. Narudia, angalia kwanza.

Kwa wale wa Lushoto, Bumbuli na kwingineko mlionitumia picha za maboga mengine baada ya video ile kuzunguka: mengi ni hidramu kweli, lakini msitarajie miujiza. Maji yakiteremka mita 2 na kupandishwa mita 20, katika lita 100 zinazoingia utapata kama lita 6 juu, zilizobaki zinarudi mtoni. Zikiwa lita 100 kwa dakika, hizo 6 ni zaidi ya lita 8,000 kwa usiku na mchana. Bomba la kuteremshia liwe la chuma, lisiwe la plastiki, kwa sababu plastiki inatanuka na kumeza kile kipigo. Kitako kifungwe kwenye zege, na mdomo wa bomba hilo la kuteremshia, kule juu maji yanakoingilia, uwekewe wavu, kwani jani moja likikwama kwenye vali dude linasimama. La kupandishia maji linaweza kuwa plastiki, mradi liwe zito.