Maswali na Majibu: Lebo bapa kwenye kopo la mviringo

SWALI: Nasanifu kwa kompyuta kopo la plastiki la dagaa wa kukaanga, kipenyo milimita 70. Nimechora lebo yenye upana wa milimita 60 mbele ya kopo, kisha nikaisukuma hadi ikagusa uso. Herufi za katikati ziko sawa, za pembeni zimetanuka. Kosa liko wapi?
*Msomaji, Nyakato, Mwanza*

JIBU: Mchoro wako hauna tatizo, tatizo ni amri uliyotumia. Umetupa kivuli cha lebo juu ya kopo: kila nukta imekwenda mbele moja kwa moja mpaka ikagusa plastiki. Katikati vipimo havibadiliki, lakini kadiri unavyokwenda ubavuni uso unalala mshazari, na herufi ileile inalazimika kufunika sehemu ndefu zaidi. Kwa vipimo vyako, lebo ya milimita 60 imegeuka tao la milimita 72, na herufi ya ukingoni kabisa imekuwa pana karibu mara mbili. Mchapaji akikata stika ya 60, haitafanana kamwe na ile ya kwenye kioo cha kompyuta.

Lebo huviringishwa. Kwenye programu ya usanifu ya SolidWorks tumia amri ya Wrap. Kwenye Fusion tumia Emboss. Unda ubapa unaogusa kopo kwa tanjenti, yaani unaligusa kwenye mstari mmoja tu bila kulikata, chora lebo hapo kwa vipimo vyake halisi, kisha chagua uso wa kopo. Kama unataka alama ya mipaka tu, chagua Scribe katika Wrap. Ukitaka lebo ionekane na unene, inyanyue milimita 0.1. Amri ikikataa, kagua mambo matatu kwanza: mchoro haujafungwa, mistari imepandana, au lebo imezidi uso. Kopo lako lina mzingo wa milimita 219.9, mchoro wa 225 kwa ajili ya kupandanisha ncha hautapita. Modeli ichore 219, ile nyongeza ya milimita 6 iweke kwenye faili ya kuchapa peke yake.

Kama unachohitaji ni picha ya kumwonyesha mteja, usihangaike kuinua herufi mojamoja. Bandika picha ya lebo kwa amri ya Decal. Herufi nyingi zilizoinuliwa huifanya modeli iwe nzito bila faida yoyote.

Na tafadhali pima kopo lenyewe kwa venia (kifaa cha kupimia kipenyo), juu na chini. Makopo mengi ya plastiki huwa membamba kidogo upande mmoja ili yatoke kwenye kalibu. Tofauti ya milimita 1 ya kipenyo ni zaidi ya milimita 3 za mzingo, na hizo zinatosha kuipindisha lebo. Ukiikuta tofauti hiyo, jibu linalofuata ni lako pia. Acha pia milimita 2 chini ya bega na juu ya kona ya kitako, maana stika ikigusa mkunjo huo huanza kubanduka.

SWALI: Lebo ya mstatili kwenye kikombe cha mtindi inapanda upande mmoja na kufanya makunyanzi. Kikombe kina kipenyo cha milimita 60 chini na 80 juu.
*Msomaji, Kirumba*

JIBU: Kikombe chako ni kipande cha pia (umbo la koni), na umbo hilo likikunjuliwa hutoa tao; mstatili hauwezi kukaa hapo. Pima urefu wa ubavu kwa kufuata mteremko wenyewe, usipime wima. Tuseme ni milimita 100. Nusu kipenyo cha chini ni 30, cha juu 40, tofauti 10.

Nusu kipenyo cha tao la ndani: 100 × 30 ÷ 10 = milimita 300.
Nusu kipenyo cha tao la nje: 300 + 100 = milimita 400.
Pembe ya tao: 360 × 10 ÷ 100 = digrii 36.

Hakiki: urefu wa tao la ndani lazima ulingane na mzingo wa chini, milimita 188.5. Unalingana. Maandishi nayo yafuate tao. Ukiyaacha yamenyooka, yataonekana yameinama kikombeni. Kata kwanza karatasi ya kawaida, izungushe kikombeni, ndipo upeleke kwa mchapaji. Ubandike kikombe kikiwa kikavu, kabla hakijaingia friji.

SWALI: Je, naweza kufunika kifuniko chenye umbo la nusu tufe kwa lebo moja?
*Msomaji, Musoma*

JIBU: Hapana, si bila kuinyoosha au kuikata. Mwanahisabati Mjerumani Carl Friedrich Gauss alithibitisha hilo kihisabati mwaka 1827: uso wa tufe haukunjuki ukawa bapa huku urefu wote ukibaki vilevile. Tumia stika ndogo ya duara juu kileleni, au ikate lebo pembeni kama petali za ua, au hamishia maandishi kwenye ubavu wa kopo.

SWALI: Msimbopau kwenye chupa nyembamba ya pilipili hausomeki dukani.
*Msomaji, Sengerema*

JIBU: Ugeuze digrii 90, mistari ilale kama vipago vya ngazi chupa ikiwa imesimama. Mistari ya msimbo wa tarakimu 13 kwa ukubwa wa kawaida ina upana wa milimita 31.35. Chupa yenye kipenyo chini ya milimita 60 hivi huificha mistari ya pembeni mbali na mwanga wa skana. Ukiugeuza msimbo, skana inasoma kwa kufuata urefu wa chupa, ambako hakuna mviringo.