Riwaya za kusoma wewe na bintiyo

Dada, kwa kuwa unataka riwaya za kusoma pamoja na binti wa kidato cha tatu, anzeni na Peponi ya Abdulrazak Gurnah, tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Niliifungua kwenye basi nikitoka Iringa, nikashtukia tuko Uyole, vidole vimekufa ganzi kwa baridi. Yusuf ana miaka 12 tu anapopandishwa treni na Aziz, tajiri anayemdhania ni ndugu. Kumbe baba yake anadaiwa, na mtoto ndiye rehani! Khalil, kijana wa dukani, ndiye anayemfumbua macho kwamba hapo hakuna undugu wowote. Nilifunga kitabu kwanza, nikatazama nje.

Halafu Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi. Yasmin anaozwa angali binti mdogo kwa Bwana Raza, mtu mzima kabisa, kisha anakataa kufungiwa. Hiyo mtaibishania mpaka chai ipoe.

Rosa Mistika ya Kezilahabi (1971) isome wewe kwanza. Ni nzito, ina kifo na mimba, lakini usimfiche. Kaa naye msome sura kwa sura.

Kama uko Mbeya mjini, Peponi yangu nakuazima.