Hema Lisisubiri Kustaafu

Hema letu la kwanza lilikaa juu ya kabati miaka 11. Tulilinunua mwaka ambao mtoto wetu wa mwisho alianza shule, tukalitumia mara mbili, halafu maisha yakatushika: ada za watoto watatu, zamu za usiku za mume wangu, mama mkwe aliyekuja kwetu kuuguzwa akakaa miaka minne. Kila nilipopanda kiti kufuta vumbi kule juu nilimuuliza mume wangu kama hema tumpe mtu mwingine, naye alinijibu lile lile: "Liache, mama watoto. Tukistaafu tutalala nje mpaka tuchoke wenyewe."

Nilimwamini. Ndivyo tulivyozoea kufikiri: kwanza kazi, kwanza watoto, raha itakuja pamoja na barua ya kustaafu. Leo mimi nimebakiza miezi 14 kazini, yeye amebakiza miaka 2, na safari zote nzuri tulizowahi kulala nje tumezifanya katika miaka hii ya ugonjwa. Nawaandikia ninyi mlio katika miaka ya 40 na 50, mlio wawili, mliowekeana ahadi ya aina hiyo.

Mume wangu alikuwa na miaka 53. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, ametoka kuhamisha meza, akakaa akasema kiungulia kinamsumbua. Alikuwa anatoka jasho lakini ngozi yake ni ya baridi, na mkono wa kushoto alikuwa anaukanda bila mwenyewe kujua. Aliomba maji, kisha akaomba nimwache alale kidogo. Nilimwacha dakika 40. Mpaka leo dakika zile nazikumbuka moja moja, maana baadaye nilielezwa kwamba mshipa unaolisha moyo ukiziba, msuli wa moyo huanza kufa, na sehemu iliyokufa hairudi. Kwa hiyo kabla sijafika kwenye mambo ya kambi nisikilizeni hapa: kifua kikibana kama kimewekewa mzigo, maumivu yakipanda kwenye taya au kushuka mkononi, jasho baridi likitoka, kichefuchefu, pumzi ikikata, pigeni simu ya dharura. Usimsubiri mgonjwa akubali kwamba anaumwa. Na sisi wanawake tujiangalie zaidi, kwa sababu kwetu dalili zinaweza kuja bila maumivu makali ya kifua: uchovu usioeleweka, pumzi fupi, mgongo kuuma. Ni rahisi mno kusema ni kazi za nyumbani tu.

Walimzibua mshipa wakamwekea stenti, kile kijibomba cha waya kinachouacha mshipa wazi. Baada ya siku chache alirudi nyumbani na dawa sita na karatasi ya maelekezo.

Kilichofuata hakuna aliyetuandaa nacho. Kilikuwa kimya. Mume wangu ni mtu wa maneno mengi, lakini alirudi kutoka hospitali akiwa mtu wa kutazama dirisha. Hakulia, hakulalamika, alikaa tu. Watu wengi hupata sonona, ile huzuni nzito isiyoondoka, baada ya mshtuko wa moyo, nami sikulijua hilo, nilidhani anapumzika. Nilipogundua kwamba halali usiku nilimweleza daktari kliniki, yeye akiwa amekaa pale pale pembeni yangu. Alinikasirikia njia nzima ya kurudi nyumbani. Ningeambiwa nirudie, ningefanya vile vile. Daktari alimpa mtu wa kuzungumza naye, na kati ya dawa zote alizopewa mwaka ule naamini mazungumzo yale yalimsaidia kuliko nilivyotegemea.

Mwezi wa tatu tangu atoke hospitali, nilitoka kazini nikamkuta sebuleni amelishusha hema na kulitandaza sakafuni. Kitambaa kilikuwa kinanata kama kimepakwa asali. Utando wa ndani unaozuia maji ulikuwa umeyeyuka na kubanduka vipande vipande, na harufu yake ilijaa nyumba. Alikuwa anaubandua kwa ukucha. Hema halikuwa limelaliwa hata siku tano, nalo limeharibika likiwa limekunjwa vizuri, ndani ya mfuko wake, juu ya kabati. Alinitazama akasema, "Tunatafuta lingine. Wiki hii." Ndiyo ilikuwa sentensi yake ndefu kuliko zote kwa mwezi mzima.

Hatukukurupuka. Tulimuuliza daktari, na nawasihi nanyi muulize kwa kutaja mambo yenyewe, siyo "anaweza kusafiri?" Sisi tuliuliza: anaweza kulala nje kwenye baridi ya nyuzi 10? Anaweza kubeba nini? Mwinuko gani? Daktari alitaka kwanza kujua kama anapanda ngazi za ghorofa mbili bila kifua kubana wala pumzi kumwisha. Alituonya kuhusu baridi, kwa sababu baridi huibana mishipa ya damu na kupandisha shinikizo, na moyo unalazimika kusukuma kwa nguvu zaidi. Milimani akatukataza kwanza. Ukizidi mita 2,500 hata mtu mzima wa afya anaweza kuugua kwa uhaba wa hewa, na joto hushuka kiasi cha nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda.

Basi usiku wetu wa kwanza tulilala kwenye uwanja wa kambi ulio mwendo wa dakika 20 kutoka hospitali, gari limeegeshwa hatua chache kutoka mlangoni mwa hema, usiku mmoja tu. Kuna watakaoona kwamba hiyo siyo kambi. Mimi nasema usiku ule mmoja ulikuwa mgumu kuliko safari zote zilizofuata. Yeye alilala. Mimi nililala nikisikiliza pumzi zake. Ikichelewa moja, nainuka kwa kiwiko. Ikija, narudi chini. Karibu na alfajiri aliniambia gizani, macho yake bado yamefumba, "Nakusikia unavyonihesabu." Tukacheka wote wawili, na katika kucheka kule nikaanza kulia, naye akanishika mkono mpaka kukapambazuka. Anayemuuguza mwenzake naye amepata mshtuko, ila hakuna anayempima. Isemeni hofu yenu. Mimi nilikaa na hofu ile miezi mitatu nikidhani nikiitamka nitamvunja moyo.

Mambo ya dawa tumejifunza kwa vitendo. Tunabeba seti mbili, moja kwenye mkoba wangu na nyingine kwenye koti lake, kwa sababu mkoba hupotea na koti husahaulika lakini mara chache vyote kwa siku moja. Hatuachi dawa ndani ya gari mchana; gari lililofungwa juani linaweza kupita nyuzi 50. Vile vidonge vyake vya kuweka chini ya ulimi kifua kikibana vinabaki kwenye chupa yake ya asili, vikifichwa mwanga na joto, na anavitumia akiwa amekaa, kwa kuwa vinashusha shinikizo ghafla na mtu anaweza kuanguka. Dawa ya kupunguza maji mwilini anaimeza asubuhi mapema, ili usiku asiamke mara tano kutafuta choo gizani. Na akiamka, anakaa ukingoni mwa kitanda dakika nzima kabla ya kusimama, maana dawa za moyo humletea kizunguzungu. Tochi ya kichwani inaning'inia pale pale kwenye mkono wa kitanda, kila safari mahali pale pale.

Jambo ambalo hatukulifikiria ni kisu. Baada ya stenti alikuwa anatumia dawa mbili za kuzuia damu isigande, na siku moja akijichonga kijiti alijikata kidole kidogo tu, damu haikukatika. Nilibana kwa kitambaa safi dakika 10 bila kuchungulia, na hilo la kutochungulia ndilo gumu. Sasa mimi ndiye mwenye kisu.

Na jamani, jiko. Usiku ukiwa wa baridi utatamani kuingiza jiko ndani ya hema walau upate joto. Usithubutu, liwe la gesi au la mkaa, hata kama moto unaonekana umezimika. Hutoa gesi yenye sumu isiyoonekana wala kunuka, nayo hukuua umelala. Joto litafutwe kwenye nguo kavu, soksi, kofia, chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri ndani ya mfuko wa kulalia.

Miaka miwili baada ya moyo wake, likaja goti langu. Gegedu, ule utando laini unaokinga ncha za mifupa, lilikuwa limelika mpaka mfupa unasagana na mfupa, na baada ya sindano na mazoezi ya muda mrefu nikabadilishiwa goti. Nilikuwa nimezoea kuwa mzima kati yetu wawili. Kuoshwa miguu na mtu niliyekuwa namhesabia pumzi kulinishinda. Nilikuwa mkali kwake, nikimkosoa hata namna anavyokunja taulo. Alivumilia wiki sita, kisha akasema kwa upole kabisa, "Mimi nilipokuwa kitandani sikukufukuza." Sikuwa na jibu.

Goti bandia lilibadilisha kambi yetu yote. Kupiga magoti kunaniumiza, kwa hiyo lile hema fupi la kuingia kwa kutambaa tukaligawa, tukachukua linalomruhusu mtu kusimama wima. Tukaacha kulala chini, tukanunua vitanda vya kukunja vyenye kimo cha sentimita 45 hivi, kimo cha kiti cha kawaida, ninyanyuke bila kujisukuma. Ila kitanda cha namna hiyo kina siri yake: hewa baridi hupita chini yake usiku kucha, na mfuko wa kulalia ukigandamizwa na mwili hauhifadhi joto. Lazima utandike godoro la sponji juu yake. Tulilijua hilo baada ya usiku mmoja wa kutetemeka.

Mizigo ikawa swali. Yeye hatakiwi kujikamua kuinua vitu vizito, mimi siwezi kushuka na mzigo mteremkoni. Tukavunja makasha makubwa, vitu vyote vikaingia kwenye vikasha vidogo, na hakuna kinachozidi kilo 7. Tunavipima kwenye mzani wa bafuni. Kupiga hema kunatuchukua saa nzima, na katikati tunakaa kitako tukanywa maji. Zamani tungeona aibu.

Watoto walipinga. Wa kwanza alipiga simu akasema, "Mama, baba ana moyo, wewe una goti, mnakwenda kulala porini kutafuta nini?" Nilijaribiwa kumkumbusha nani alimlea nani. Badala yake tulimpa karatasi: mahali tunapokwenda, namba ya sehemu yetu kwenye uwanja, siku na saa ya kurudi, orodha ya dawa na vipimo vyake, namba za daktari. Tukakubaliana tutume ujumbe jioni na asubuhi. Kumbe alichokuwa anataka ni kujua. Mwaka jana alikuja na mkewe wakalala hema la jirani.

Kuna sheria moja tunayoishika kuliko zote. Mmoja akisema turudi, tunarudi, na hakuna swali linaloulizwa mpaka tufike. Tuliitumia safari ya tatu. Saa nane usiku alisema kifua hakimkai sawa. Hatukukunja kitu, tuliliacha hema limesimama, tukaacha na vikombe mezani, tukaondoka. Ilikuwa misuli ya mbavu, alikuwa amevuta kamba vibaya. Asubuhi alikuwa na aibu, akaniomba radhi kwa kuharibu safari. Nilimwambia ukweli wangu: tangu usiku ule ndipo nilipoanza kulala usingizi kambini, kwa sababu nilikuwa nimehakikisha kwamba atasema.

Kuhusu kazi sina mengi. Hatukuwahi kuwa na likizo ndefu. Tunachukua siku mbili mbili tukiziunganisha na mwisho wa wiki, mara nne kwa mwaka, na siku za kliniki tunaziandika kwenye kalenda kwanza, kisha kambi, kisha yanayobaki. Mwaka mmoja tulipata safari moja tu kwa sababu ya upasuaji wangu. Nilikuwa bado natembelea fimbo, sikupiga hata kigingi, nilikaa kitini nikashika ncha ya kamba huku yeye akizunguka, akiniuliza kila baada ya muda, "Imekaza?" nami najibu, "Bado kidogo."

Tumerudi juzi. Mvua ilitunyeshea usiku wa mwisho, kwa hiyo hema halijarudishwa kwenye mfuko, maana likikunjwa bichi linaota ukungu. Lipo kwenye kamba uani, mlango wazi, upepo unalipuliza. Nilimuuliza kama nilikunje sasa, maana limeshakauka. Alikuwa mezani anapanga vidonge vya wiki kwenye kile kikasha chake. Akasema niliache kwanza, wiki tatu siyo mbali.