Beba Kile Ambacho Fundi wa Njiani Hana

Wiki iliyopita dada mmoja wa Singida ameniandikia. Kanunua baiskeli ya mtumba, zile zinazoshushwa na makontena ya Japani, na anajiandaa kwenda nayo Babati kupitia Katesh. Akaniambatishia orodha ya vifaa aliyoitoa kwenye video: seti nzima ya spana, vitungi vya gesi vya kujazia upepo, vitambaa maalumu vya kufutia mikono, hadi kipimo cha kujua cheni imechakaa kiasi gani. Chini ameuliza, "Kaka, hivi vyote kweli?"

Hapana, dada yangu. Vingi hapo ni vya mtu anayeendesha mahali ambapo fundi wa karibu yuko mjini na Jumapili amefunga. Huku kwetu karibu kila senta ina fundi baiskeli. Utamkuta chini ya mwembe na karai la maji, tyubu kuukuu zimening'inia, msasa, solushini, pampu ya kusimama na spana namba 15 iliyolika kingo. Huyo ameshika Phoenix tangu hajaota ndevu. Pancha atakuzibia kabla soda yako haijaisha, na rimu iliyopinda atainyoosha kwa jicho, akiizungusha karibu na kidole gumba na kukaza spoku moja baada ya nyingine.

Kwa hiyo sibebi alivyonavyo yeye. Nabeba asivyokuwa navyo, pamoja na vichache vya kunifikisha kwake. Kanuni hiyo ndiyo iliyofanya watu wanicheke, na ndiyo iliyonipa heshima, ingawa heshima yenyewe haikutamkwa. Subiri nieleze.

Tulikuwa tunatoka Dodoma kwenda Iringa kwa njia ya Mtera. Kundi zuri, baiskeli za bei, nguo zinazobana, miwani ya kioo kama ya mwandika mashairi wa Instagramu. Mimi nina baiskeli ya chuma, na chini ya siti nimefunga kibegi cha turubai nilichoshonewa na fundi viatu. Kibaya, sikatai. Tulipokusanyika asubuhi kapteni wetu akakiangalia, akaniuliza mbele ya watu kama naenda Iringa kunyoa vichwa. Wakacheka. Tangu hapo ikawa "kinyozi, tupe maji", "kinyozi, umechoka?" Nilicheka nao, maana ukikasirika unakuwa umethibitisha.

Siku ya kwanza haina hadithi. Jua, mibuyu, upepo wa usoni, perege wa kukaanga Mtera, kulala. Asubuhi tukavuka juu ya bwawa, na mbele kidogo ya Migori lori likatubana. Kapteni akashuka nje ya lami, na jiwe likamchana ubavu wa tairi la nyuma, mchano wa urefu kama wa kucha ya dole gumba. Alikuwa na tairi za tyubulesi, zile zisizo na tyubu, zenye dawa nyeupe ndani ya kujiziba zenyewe. Dawa hiyo inaziba tundu la mwiba wa mgunga au mbigiri vizuri sana. Mchano wa ubavuni haiuwezi. Ilimrukia miguuni yote, tairi likalala.

Alikuwa na tyubu moja ya akiba na vitungi vyake vya gesi. Nikamwambia, "Weka kitu kigumu kwanza ndani ya huo mchano, la sivyo tyubu itachungulia." Akanijibu bila kuniangalia kwamba baiskeli yake siyo Phoenix. Sawa. Akaweka tyubu, akafungulia gesi, tairi likajaa mara moja likawa gumu, wenzake wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nimechuchumaa upande ule mwingine naangalia mchano. Tyubu ilitokeza kidogo kidogo, ikavimba, ikawa nyembamba inang'aa, na kabla sijafungua mdomo ikapasuka. Mbuzi waliokuwa ng'ambo ya barabara walikimbia.

Mwenzetu mmoja alikuwa na tyubu nyingine ya saizi ile, ya mwisho kwa kundi zima. Gesi imekwisha. Watu kimya. Ndipo kibegi cha kinyozi kikafunguliwa.

Nilichotoa ni kipande cha ubavu wa tairi kuukuu, ukubwa wa kiberiti, nilichokuwa nimekikata nyumbani na kukipunguza kingo kwa wembe ili zisiikate tyubu. Nilifuta dawa nyeupe ndani ya tairi hadi pakakauka, nikakwangua kwa msasa, nikapaka solushini pande zote mbili, nikangoja ikauke hadi isinate kwenye kidole, nikabandika. Watu wengi hawangoji hapo, wanabandika ikiwa mbichi, halafu wanalaumu solushini. Nje nikapiga mishono miwili kwa uzi wa nailoni wa fundi viatu. Tyubu ikaingia, nikajaza kwa pampu ya mkono, upepo wa wastani tu ili tairi lisitanuke sana. Kapteni alipanda nalo mlima Nyang'oro na akaingia nalo Iringa.

Jioni picha ya pamoja ikarushwa kwenye kundi la WhatsApp: "Timu ya chuma." Kinyozi hakutajwa. Asante sikupewa, na hadi leo kapteni akisimulia safari ile anasema "tulipata hitilafu ndogo tukairekebisha". Tu-ka-i-re-ke-bi-sha. Inaniuma bado, nisiwadanganye.

Basi turudi kwa dada yangu. La kwanza ni pampu ya mkono. Kitungi cha gesi kinajaza mara moja na hadithi yake inaishia hapo. Kikikosea umebaki na chuma cha kuchezea. Pampu haiishi. Iwe na kichwa kinachoshika valvu ya baiskeli yako, na hili kalihakikishe nyumbani, kwa kujaza kweli, si kwa kuangalia.

Valvu zenyewe zinachanganya watu. Mitumba mingi ya Japani ina valvu ile ya zamani yenye kimpira chembamba ndani, sawa na ya Phoenix, na kimpira hicho kila fundi anacho. Hapo umebahatika. Wenye baiskeli za mbio zenye valvu nyembamba ya Presta ndio wenye kazi, kwa sababu pampu ya fundi mara nyingi haiingii. Kuna kichwa kidogo cha shaba cha kuskrubu juu yake ili ikubali pampu ya kawaida. Hakina uzito wowote, kinakaa hata kwenye pochi ya simkadi. Kibebe. Nasema tena, kibebe.

Mwenye baiskeli ya gia nyingi abebe kiungo cha kuungia cheni cha gia zake mwenyewe, maana cha gia 11 hakifungi cheni ya gia 8, na kifaa kidogo cha kutolea pini. Abebe pia kile kipande cha chuma laini kinachoshika mashine ya gia ya nyuma. Kimetengenezwa laini makusudi, ukianguka kipinde chenyewe fremu ipone, na kila fremu ina umbo lake. Fundi wa senta hawezi kuwa nacho, na kukigonga kwa nyundo mara nyingi kunakivunja. Breki za diski nazo zina pedi za maumbo mengi. Njia ya vumbi na tope inazila haraka, kwa hiyo weka jozi moja ya akiba.

Spana? Za L namba 4, 5 na 6 zinamaliza kazi nyingi kwenye baiskeli za kisasa. Baiskeli yako dada ina nati, na za ekseli ya nyuma mara nyingi ni 15. Beba hiyo moja, itafungua pedali pia. Pedali ya kushoto inafunguliwa kinyume na ya kulia, usije ukaning'inia juu ya spana kutwa nzima. Ongeza liva mbili za kutolea tairi, viraka, solushini ambayo haijafunguliwa (ikishafunguliwa inakauka yenyewe begini), kipande cha tairi kama changu, vifungo vya plastiki vya mafundi umeme na glavu za duka la dawa.

Ukipata pancha, usikimbilie kuweka tyubu mpya. Pitisha kitambaa ndani ya tairi taratibu. Pembeni ya barabara kuu kumejaa vijiwaya vyembamba vya tairi za malori zilizopasuka. Jicho halivioni, kitambaa kinanasa. Usipokitoa hicho kijiwaya, tyubu mpya itatoboka palepale.

Na hapa niseme na vijana wenzangu wote wa makundi. Mnanunua kofia ya laki mbili na hamjui kutoa gurudumu la nyuma. Jifunzeni sebuleni! Toa gurudumu, rudisha, toa tena, mikono ipake grisi, mama alalamike. Kifaa usichojua kukitumia ni mzigo tu. Msimcheke mwenye begi baya. Muulizeni ndani kuna nini.

Umeuliza pia kuhusu kubeba tairi zima. Usibebe, lakini kabla hujaondoka Singida soma ubavuni mwa tairi lako. Kuna "26" mbili zisizoingiliana. Ya baiskeli za milimani inaandikwa namba inayoishia na 559, kama 50-559. Nyingi za Kijapani za kwenda sokoni ni 26 x 1 3/8, na hizo zinaishia na 590. Ukimwambia muuza duka "ishirini na sita" atakupa ya 559, na haitakaa kwenye rimu yako hata mkiivuta watu wanne. Kama yako ni 590 na imeanza kuonyesha nyuzi, badilisha kabla ya safari.