Machicha, au unga wa nazi?

Swali la wiki hii: je, ungenunua chakula kilichotengenezwa kwa mabaki ya chakula kingine, na muuzaji akuambie nini ili ukubali? Mimi nauza maandazi Temeke, kwa hiyo najibu nikiwa upande wa pili wa meza.

Nikishakamua tui la kukandia, machicha siyatupi. Nayaanika kwenye sinia hadi yakauke kauu, nayasaga, nachanganya kidogo kwenye unga wa ngano. Siku za mwanzo mama mmoja aliuliza mbona maandazi yananukia nazi hivi. Nikamjibu kwa maringo: machicha hayo. Akarudisha andazi. "Mwanangu, machicha si ya kuku?"

Wiki iliyofuata nikaandika kwenye kibao "maandazi ya unga wa nazi". Saa mbili yameisha. Wala sikudanganya: unga wa nazi wa supamaketi, ule wa bei mbaya, nao hutokana na nazi iliyokwisha kukamuliwa tui au mafuta. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Drexel, Marekani, waliwapa watu majina tofauti ya vyakula vya aina hii, wakakuta linalopendwa ni lile lenye maana ya kupandishwa thamani. Hilo mjini tunalijua. Miguu ya ng'ombe ikiitwa kongoro watu wanapanga foleni. Na vijana wa jimu wenye makopo yao ya protini, wanakunywa maji yanayobaki maziwa yakigandishwa kuwa jibini, ambayo zamani yalimwagwa au kupewa nguruwe. Thubutu kuwaandikia hivyo kwenye kopo!

Ila jina likificha, linakugeuka. Dereva mmoja wa bajaji, mteja wangu, aliambiwa na jirani yangu kwamba "unga wa nazi" wangu ni machicha. Ladha hakuilalamikia. Alisema tu, "Dada, si ungeniambia?" Iliniuma kuliko ya yule mama, maana hapa kosa lilikuwa langu.

Siku hizi nakaa kwenye mbuzi nakuna nazi hapohapo, wateja wakiona tui linakwenda wapi na machicha yanakwenda wapi. Kibao kinasema "unga wa machicha ya nazi". Nilijaribu na maneno ya kutunza mazingira, hakuna aliyeuliza. Wanachouliza ni nazi ya lini, na sinia limeanikwa wapi.

Yule mama bado hanunui. Jioni hupita kuniomba machicha ya kuku wake.