Kwa mnaoanza kazi ya kuhesabu abaloni: idadi peke yake haitoshi

Wadau mnaoingia kwenye hii kazi ya kuzamia na kuhesabu abaloni kaskazini mwa California, haya ni mambo ambayo ningeambiwa mapema ningeokoa mitungi mingi ya hewa. Abaloni kwa asiyemjua ni konokono wa baharini, gamba lake ni moja, limelala kama bakuli lililofunikwa, na huyu mwekundu tunayemhesabu sisi ndo mkubwa kuliko abaloni wote duniani, anaweza kufika hata sentimita 30. Ila usidhani huo ukubwa utakusaidia kumwona. Mgongoni kwake kumeota mwani, sponji, minyoo ya mirija, kila takataka ya bahari, yaani ni jiwe katikati ya mawe. Wiki yangu ya kwanza nilipita juu ya watatu nikaandika sifuri, mwenzangu aliyekuwa nyuma yangu akaandika watatu, tulivyotoka majini hata hakunicheka, ndo iliniuma zaidi.

Dawa yake ni kuacha kutafuta gamba. Tafuta ukingo. Ukifika kwenye ufa wa mwamba ilaze tochi pembeni, usimulike moja kwa moja, utaona kistari chekundu chembamba, hiyo ndo midomo ya gamba, na chini yake pindo jeusi la mguu lenye vijinyuzi vinavyochezacheza kama kope. Alafu angalia matundu. Mwekundu huwa na matundu 3 au 4 yaliyo wazi, mweusi ana mengi zaidi. Maji yanaingia kwa mbele, yanapita kwenye mashavu anayopumulia, yanatokea hapo kwenye matundu yakiwa yamebeba na uchafu wake. Kadiri anavyokua anafungua tundu jipya mbele na kuziba la zamani nyuma, kwahiyo yale mabonge yaliyojipanga kuelekea kisogoni ni matundu ya miaka iliyopita.

Wakati mwingine angalia chakula kwanza. Abaloni mkubwa hahangaiki sana kutembea, anakaa kwenye ufa wake anasubiri kelpi (ule mwani mkubwa unaoota kama msitu chini ya bahari) iliyokatika iletwe na mawimbi. Nimewahi kukaa nikamtazama mmoja dakika nzima: jani limepita karibu, akanyanyua gamba taratibu, akatoa sehemu ya mbele ya mguu kama mtu anayenyoosha ulimi, akalibana jani kwenye mwamba pwaa, alafu akaanza kulikwangua na ule ulimi wake wenye vimeno vidogo kama msasa. Ukisogeza mkono kivuli kikampiga, anajibana hapohapo, na akishajibana hata usijaribu.

Na hapa nisisitize, hatumbandui mtu. Damu ya abaloni haigandi kama yetu, ukimkata mguu kidogo tu na chuma anaweza kuvuja mpaka akafa, na kwa macho utamwona mzima, utamrudisha mwambani ukidhani umemaliza salama. Kalipa, yaani kile kipimo cha taya mbili, ipitishe juu ya gamba alipo, isome, basi. Wavuvi wa zamani wa kule walikuwa wanaruhusiwa kuchukua wa inchi 7 kwenda juu tu, tena kwa pumzi zao bila mtungi, na kufika inchi 7 inamchukua kama miaka 12. Miaka 12, fikiria hilo kabla hujaingiza chuma.

Sasa kosa langu kubwa. Nilikuwa najivunia jumla. Ubao wangu wa plastiki ulikuwa na idadi safi, 9 hapa, 6 pale, na safu ya umbali kati ya abaloni na abaloni nimeiacha tupu kwasababu baridi ilinizidi na niliona ni urembo tu. Msimamizi akanirudisha majini kesho yake kwenye mstari uleule wa kuhesabia. Sababu ni kwamba abaloni hawapandani. Dume anamwaga mbegu majini kupitia yale matundu, jike anamwaga mayai, mamilioni, na vikutane huko huko kwenye maji yanayoenda. Wakiwa wameachana mita nyingi mbegu inachujuka na maji kabla haijafika popote, kwahiyo 9 walioketi kwenye ufa mmoja ni familia, 9 waliotawanyika ghuba nzima ni wazee 9 wanaosubiri kufa. Abaloni mweupe wa kusini ndo kilichomkuta, alivuliwa mpaka waliobaki wakawa mbali mbali, na 2001 akawa mnyama wa kwanza wa baharini asiye na uti wa mgongo kuwekwa kwenye sheria ya Marekani ya viumbe walio hatarini.

Huku kaskazini hadithi ni ya njaa. 2013 viti vya pweza, wale wanyama wa baharini wenye umbo la nyota, vikaanza kuoza na kufa, akiwemo yule mkubwa wa mikono mingi aliyekuwa anakula urchini (yule wa mviringo mwenye miiba, anayekula kelpi), alafu 2014 mpaka 2016 maji yakapata joto lisilo la kawaida, urchini wa zambarau wakajaa, kelpi ikaisha zaidi ya asilimia 90. Abaloni wenye njaa walionekana wakipanda mashina matupu ya kelpi kutafuta jani. Uvuvi ukafungwa 2018. Mtakuta miamba imebaki pinki tupu na miiba, na magamba mengi matupu, hayo nayo hesabuni, yana safu yake.

Ila hata urchini msiwachukie wote. Wale wakubwa wekundu chekini chini ya miiba yao, vitoto vya abaloni vinapenda kujificha humo.

Kuhusu umbali basi: pima kutoka kwa kila abaloni mpaka jirani yake wa karibu, hata kama jirani yuko nje ya mstari wako. Ukizunguka umbali wote mliopangiwa ukamkosa, andika HAMNA kwa herufi kubwa, usiache wazi, maana anayeingiza data kwenye kompyuta akikuta pako wazi anajua umesahau, na kesho yake utarudi kwenye maji ya nyuzi 10 kama mimi.