Mafaili ya watoto yananifuata mpaka nyumbani

SWALI: Shikamoo Mama. Mimi ni afisa ustawi wa jamii katika halmashauri moja huku Tanzania bara. Kazi yangu kubwa ni mashauri ya watoto: waliobakwa, waliolawitiwa, waliochomwa moto na walezi wao. Nawapokea wakitoka dawati la jinsia polisi, nawapeleka hospitali na PF3, fomu ya polisi ya matibabu, mkononi, nakaa nao wakitoa maelezo, nawasindikiza mahakamani. Mara nyingine nauli ya mama na mtoto inatoka mfukoni mwangu.

Zamani nikifika nyumbani kazi ilikuwa imeisha. Siku hizi hainitoki. Binti yangu ana miaka sita. Simruhusu kucheza kwa jirani hata mlango wa pili. Nikimwogesha namkagua mwili mzima, mpaka ameanza kuuliza, “Mama, unatafuta nini?” Shemeji yangu, kijana mpole kabisa, alikuja kututembelea, nikahamia chumba cha watoto usiku wote aliolala kwetu. Mume wangu alikasirika na sikuwa na la kumjibu.

Kuna shauri moja mwaka huu familia ilipokea pesa, mama wa mtoto akageuza maneno mbele ya hakimu, na mimi nilikuwa nimemwahidi yule mtoto kwamba hatamwona tena yule mtu.

Kinachonitisha zaidi ni cha juzi. Mama aliingia ofisini na mtoto wa miaka minne, anaeleza huku analia, nami najaza fomu kama naandika orodha ya vitu vya sokoni. Sikuhisi kitu. Mume anasema niache kazi, mchungaji anasema niombe, mkuu wangu anasema nitazoea. Je, naanza kuchanganyikiwa? Niache kazi?

Mama wa wawili

JIBU: Marahaba, mwanangu. Huchanganyikiwi. Barua ya kuacha kazi usiiandike kwanza, nitakueleza kwa nini.

Katika barua yako naona mambo mawili yaliyofungwa kitanzi kimoja, na watu wengi wanayatibu kama jambo moja. La kwanza ni kuchoshwa na kazi. Shirika la Afya Duniani lilieleza hali hii mwaka 2019 kuwa inatokana na msongo wa kazini usioshughulikiwa, na halikuiita ugonjwa. Dalili zake ni nguvu kuisha, moyo kujitenga na kazi au kuichukia, na kuona hufanyi tena lolote la maana. Mhasibu anaweza kuipata, na dereva wa basi pia. Dawa yake ni kupunguziwa mzigo na kupumzika kwelikweli.

La pili linawapata watu kama wewe, wanaosikiliza mateso ya wengine siku baada ya siku. Mwaka 1990 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Lisa McCann na Laurie Anne Pearlman, waliandika kuhusu washauri waliokuwa wakihudumia watu walioumizwa. Walieleza kwamba simulizi hizo hubadili jinsi msikilizaji anavyouona ulimwengu: kama kuna mahali salama, kama kuna mtu wa kuaminika, kama yeye mwenyewe ana uwezo juu ya chochote. Hebu rudi kwenye barua yako. Jirani si salama tena, shemeji haaminiki tena, mwili wa mwanao unatafutiwa jeraha kila jioni. Umekaa miaka ukisikia kwamba aliyefanya ni baba mdogo, ni mpangaji, ni jirani mwema aliyekuwa akigawa pipi. Akili yako imejifunza kutokana na kile ilicholishwa.

Kwa hiyo likizo peke yake haitakuponya. Utarudi umelala vizuri, na siku ya kwanza faili litakalofunguliwa litakurudisha pale pale.

Hilo la kutohisi kitu limekutisha kuliko yote, lakini mimi halinitishi. Moyo uliojaa hufunga mlango ili mwenye nao aendelee kusimama. Niliwahi kuwa muuguzi mnasihi wodini katika miaka ya kabla ya 2004, kabla serikali haijaanza kutoa dawa za kufubaza VVU bure. Tuliwanasihi watu tukijua tutawazika, wengine vijana wa rika letu. Niliwaona wauguzi hodari wakipita kitandani kwa marehemu wakiuliza shuka ziko wapi, sauti kavu kabisa. Hawakuwa wabaya. Matroni wetu alilijua hilo. Kila Ijumaa, baada ya zamu ya asubuhi kukabidhi ripoti, alifunga mlango wa chumba cha chai na kila mmoja wetu alitaja mgonjwa mmoja aliyemuuma wiki ile. Hapakuwa na hotuba wala mtu wa kukuambia jikaze. Ukilia, jirani yako anakushika mkono, mwingine anamimina chai. Naamini chumba kile ndicho kilichotufanya wengi wetu tufike kwenye kustaafu tukiwa bado tunawapenda wagonjwa.

Wewe huna chumba hicho, na kukitafuta si kazi yako peke yako. Mwajiri anayekupa mashauri hayo anawajibika kukupa pia msimamizi wa kitaaluma, mtu wa fani yako mwenye uzoefu, mkae angalau mara moja kwa mwezi kuzungumzia yanayokugusa. Asiwe anahesabu fomu wala kukupima utendaji. Kama halmashauri yenu haina mtu huyo, omba mkoani. Wakati huohuo tafuta wenzako wawili au watatu, awe askari wa dawati la jinsia, awe muuguzi anayewapokea watoto hao hospitali, mkae Ijumaa kama sisi. Mambo ya ndani ya tukio yasitajwe bila ruhusa ya anayesikiliza. Uliza kwanza: “Unaweza kusikia hili leo?” Ukiambiwa hapana, eleza lilivyokuumiza, ya tukio yabaki kwenye faili. Na picha za majeraha usizifungue pale ambapo uamuzi wako hauzihitaji.

Sasa lile shauri. Umeliandika kwa sentensi moja ukapita, lakini nadhani ndilo lililokuvunja. Kusikia ubaya kunachosha. Kuona ubaya umenunuliwa ukafutwa, baada ya wewe kuhangaika na nauli na mashahidi, kunaua imani. Wenzako wengi wamepatwa na hili, mashauri yanayomalizwa kindugu, na hawalisemi kwa sababu linaonekana ni jambo la kawaida. Si la kawaida. Una haki ya kulihuzunikia kama msiba. Lilikuwa shauri la Jamhuri. Hukuwa mpelelezi, hukuwa mwendesha mashtaka, hukuwa hakimu. Na yule mtoto, kama bado yuko katika eneo lako, nenda umwone. Usimpelekee ahadi mpya. Mwambie ulimwamini na bado unamwamini. Angalia anaishi na nani sasa, na kama yule mtu bado anamfikia, una mamlaka ya kuchukua hatua nyingine za ulinzi. Kwa watoto wajao, ahidi kilicho mikononi mwako tu: “Nitakuwa nimekaa karibu nawe ukiongea.”

Binti yako ameuliza swali na anastahili jibu. Acha kumkagua, anajifunza kwamba mwili wake ni mahali pa hatari. Mwambie wakati wa kuoga kwamba mwili ni wake, zipi ni sehemu za siri, na kwamba mtu yeyote akimgusa vibaya au akimwambia afiche jambo, aje kwako na hatapigwa. Kisha nenda naye kwa jirani. Kaa nusu saa, piga soga na mama mwenye nyumba, ona mlango unavyokaa wazi. Wiki inayofuata kaa dakika kumi. Tahadhari inayotokana na kujua watu na mazingira itamlinda kuliko kumfungia ndani.

Mume wako hahitaji siri za wateja, na huruhusiwi kumpa. Anahitaji kujua umerudi na nini. “Leo nimepokea mtoto mdogo, nimeumia, naomba unipe saa moja kabla hatujaongea.” Mwambie pia kuhusu usiku ule wa shemeji, kwamba ni kazi iliyoingia nyumbani na si dharau kwa ndugu yake. Maombi endelea nayo. Mchungaji hajakosea kukuombea. Amekosea kama alidhani hayo yanatosha.

Nenda pia hospitali ya rufaa ya mkoa, kitengo cha afya ya akili, kama hofu hizi au kukosa usingizi vimezidi mwezi. Ukianza kuota matukio hayo, kunywa ili ulale, au kuona heri ufe, nenda siku hiyohiyo, usingoje zamu wala ruhusa.

Kuhusu kuacha kazi: mtu asiamue jambo kubwa hivyo akiwa hahisi kitu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakupa likizo ya siku 28 kwa mwaka. Ichukue, na simu ya kazi ibaki kwa mwenzako. Ukirudi, fanya miezi michache ukiwa na msimamizi na mashauri mchanganyiko, ya wazee na ya matunzo yakiwa kati ya yale ya ukatili. Baada ya hapo, ukiona bado unataka kuondoka, ondoka bila aibu yoyote. Kuna idara nyingine, na kuna kazi nyingine.

Barua ya kuanza nayo wiki hii ni ya kwenda kwa mkuu wako, kwa maandishi. Omba mambo manne kwa majina yake: msimamizi wa kitaaluma, mgawanyo mpya wa mashauri, zamu ya simu za usiku, na tarehe ya likizo. Nakala moja ipeleke kwa afisa utumishi, nyingine ibaki kwako, yenye muhuri wa mapokezi.